Kusaka wazo la filamu ndani ya treni ya TAZARA

Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa anayetafuta wazo la filamu yake ya kwanza, kipande cha Dar hadi Mbeya kinatosha, nami nilishika hicho. Nilichagua daraja la pili, chumba cha vitanda sita, kwa sababu humo watu hukaa wakitazamana na maongezi hayaishi.

Begani nilikuwa na daftari, simu, pawabenki na kinasa sauti kidogo chenye sponji ya kuzuia upepo. Kamera kubwa niliiacha kwa makusudi. Kurekodi filamu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, na hata ukiwa nacho, lenzi ikitokeza tu watu wanaanza kupozi.

Daftarini andika kinachoonekana au kusikika, basi. "Mama mwenye huzuni" hapigiki picha. "Mama anakunja tiketi, anaikunjua, anaikunja tena" anapigika.

Ifakara ndipo wazo lilipopatikana. Wachuuzi walijaa madirishani. Abiria mmoja akachukua ndizi za elfu mbili, akatoa noti ya elfu tano. Muuzaji hana chenji, honi imelia, mabehewa yanavutana. Akamgeukia mwenzake, akakopa, akakimbia sambamba na dirisha huku beseni likiwa kichwani, mkono mmoja umelishika. Noti ya elfu mbili ikaingia. Ya elfu moja abiria akaidaka kwa ncha za vidole. Tukio hilo lina kila kitu ambacho filamu fupi inahitaji: mtu anayetaka kitu, kizuizi, na muda unaokwisha. Niliandika mikono kabla ya nyuso, kwani hadithi yote ilikuwa mikononi.

Sauti nayo ichukuliwe papo hapo. Vilele vya sauti, yaani sehemu zake za juu kabisa kwenye kipimo cha kinasa, viishie karibu na desibeli -12, la sivyo honi itapasuka, na sauti iliyopasuka haitengenezeki baadaye. Nasa pia dakika nzima ya mngurumo wa behewa watu wakiwa kimya. Ndiyo itakayoziba mapengo wakati wa kuhariri.

Baada ya Mlimba treni hupanda milima kuelekea Makambako, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki. Simu hujipimia mwanga yenyewe: ndani ya handaki picha hujaa punje, ukitoka inaungua nyeupe. Kwa hiyo pima mwanga wa nje, kisha bonyeza skrini na kushikilia mpaka kipimo hicho kijifunge. Sogeza lenzi karibu na kioo ili uso wako usiakisike, lakini isikiguse, maana mtetemo utaharibu picha. Handaki litabaki giza totoro, na giza hilo ni hazina: unaweza kuunganisha shoti mbili za siku tofauti humo, mtazamaji asione kiungo.

Mbeya, kabla ya kulala, niliandika skripti ya kurasa tatu, yaani takriban dakika tatu za filamu, ukurasa kwa dakika. Nilibadili jambo moja: chenji haimfikii abiria, na ndiyo iliyokuwa nauli yake ya daladala akishuka. Treni yenyewe haihitajiki kwenye upigaji. Fremu ya dirisha iliyofungwa kwenye pikapu inayokwenda taratibu, beseni, waigizaji wawili na ule mngurumo wa behewa vinatosha.