Siku moja na Fisi wa darasa la tatu

Saa 11 alfajiri niko kituo cha daladala Rangi Tatu, Dar es Salaam, na chupa ya maji ya uvuguvugu. Si ya kiu, ni ya koo la mwalimu.

Mstari, mahudhurio, Hisabati. Hayo kila mtu anayajua.

Saa 4, Kiswahili. Watoto 83, kitabu kimoja kila dawati, kwa hiyo mazungumzo nayaandika ubaoni: msimulizi chaki nyeupe, Sungura njano, Fisi nyekundu. Bluu haionekani nyuma. Mistari minane tu. Ikizidi wanakariri badala ya kusoma.

Sasa kazi. Fisi anauliza, "Umekula nyama yangu?" Mtoto anaisoma kama tangazo la msiba. Si uzembe. Amejifunza kwa silabi, u-me-ku-la, zote uzito mmoja, na Kiswahili hakigeuzi maneno ili kuuliza: "umekula" na "umekula?" vinatenganishwa na kiimbo peke yake. Nafunika ubao kwa kanga. "Muulize jirani yako kama amekula." Anauliza vizuri kabisa! Nafunua, anasoma, tangazo limerudi. Nafunika tena. Mara tano, sita, wenzake wanacheka, kipindi cha dakika 40 kinayeyuka. Dawa ni asome kimya, ainue macho, kisha aseme akimtazama Sungura. Macho yakibaki ubaoni, silabi zinarudi.

Likipona hilo linazuka jingine: "Fisi akasema" nayo inasomwa kwa sauti ya Fisi. Hapo msimulizi awe mtoto mwingine, na akome kwenye alama za mtajo.

Halafu kukwaruza koo. Kila mtoto anadhani Fisi lazima angurume. Akifika mstari wa tatu anakohoa. Mimi sibadilishi unene wa sauti, nabadilisha mwendo. Fisi ana pupa, maneno yake yanakanyagana. Simba hana haraka na mtu. Sungura hunyamaza kidogo kabla ya kudanganya, na kimya hicho watoto hukipenda kuliko ngurumo yoyote.

Mchana sijui saa ngapi, mvua juu ya bati. Hapo hakuna kusoma kwa sauti, utapasua mapafu bure. Wanachora mdomo wa kila mhusika. Kisha madaftari, rundo zima.

Kwenye daladala konda ananigonga bega. "Umelipa?" Kiimbo safi, hakuna "je" wala nini. Natikisa kichwa tu, sauti imekwisha.