Nyumba ya Kiponda na rafiki niliyesoma naye chuoni

Wenzangu mlioko Uingereza, Kanada na Maskati mnaniandikia kila mara kuniuliza kodi ya nyumba Mjini, yaani Mji Mkongwe wa Unguja, imefika wapi. Kabla ya kodi, ulizeni nyumba ni ya nani, na hilo kaulizeni ofisini, msimwulize anayewakabidhi ufunguo hata kama mmelelewa naye ua mmoja. Mimi niliikuta nyumba ya Kiponda ikitaka kuanguka, nikaisimamisha kwa fedha nilizozichuma nikiendesha mabasi London, na aliyenitoa humo ni mtu niliyehifadhi naye juzuu ya Amma kwenye jamvi moja.

Niliondoka mwaka 2003, na mnaoukumbuka Mji wa wakati ule hamhitaji kuelezwa barza zilivyokuwa zikijaa baada ya alasiri. Wengi tuliokuwa tukikaa nao sasa wako Fuoni, Kiembesamaki na Mwanakwerekwe, na milango yao imebandikwa vibao vya hoteli. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka siku ya Krismasi ya mwaka 2020 na kuua watu. Hayo yote niliyajua kabla sijapanda ndege ya kurudi, kwa hiyo nilipoyaona kwa macho nilihuzunika tu. Jambo la rafiki yangu hakuna aliyenitayarisha nalo.

Nitamwita Sahibu, kwa kuwa ndivyo alivyoniita mimi mpaka siku ya mwisho. Alinipokea uwanja wa ndege yeye na mkewe, akanilaza kwake, na asubuhi yake akaniambia anayo nyumba ya ghorofa moja Kiponda, imekaa bure na imechoka kidogo. Nilipoingia niliona dari imelala upande mmoja, boriti zimeliwa na mchwa kwenye ncha zinazoingia ukutani, na ukuta wa nyuma unatoa maji katikati ya kiangazi. Tulipatana nilipe kodi ya mwaka mzima mbele, shilingi laki tano kwa mwezi, niitengeneze kwa gharama zangu, na gharama hizo zikatwe katika kodi ya miaka minne itakayofuata. Alidai na kilemba pia, ile fedha ya kupewa ufunguo. Nilipokataa alicheka, akasema alikuwa akinipima kama bado ni mtu wa Unguja.

Nilipotaja mkataba alinishika bega, akauliza kama kweli mimi na yeye ni watu wa kuandikiana. Nilipoendelea kudai, alibadili sauti. Alinikumbusha kwamba nimechukua uraia wa Uingereza, kwamba sheria ya Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na kwamba mwenye pasipoti ya kigeni akipeleka karatasi kwa sheha, mkuu wa serikali wa mtaa, ataulizwa maswali mpaka ajute kurudi. Kupanga nyumba si kununua ardhi, na wageni chungu nzima wenye vibali vya kuishi wamepanga Mjini kwa mikataba iliyoandikwa na kushuhudiwa. Lakini maneno yale aliyasema mbele ya mama yake mzazi, bibi aliyekuwa akininywesha uji nilipokuwa mtoto, naye yule bibi akaitikia kwa kichwa. Mbele ya shahidi kama huyo, nani angeng'ang'ania karatasi?

Kazi ya ukuta ndiyo iliyomeza fedha nyingi zaidi. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, na sakafu zake za juu zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwani upana wa chumba hauwezi kuushinda urefu wa boriti. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji wakati wa masika na huyatoa jua likiwaka. Ukiupiga lipu ya saruji unauziba pumzi. Maji hubaki ndani, chumvi hupanda, lipu hubanduka mapande mapande, na jiwe lililo nyuma yake huanza kumeguka. Ukuta wa nyuma wa nyumba ile ulikuwa umepigwa saruji zamani na mtu aliyetaka kumaliza kazi haraka. Nilimtafuta fundi mzee wa Mkunazini, mmoja wa wachache wanaoijua chokaa, akaing'oa saruji yote, akairoweka chokaa shimoni kwa wiki kadhaa kabla ya kukubali iguswe, kisha akabadilisha boriti moja baada ya moja huku dari ikiwa imeegemezwa kwa nguzo. Kwa kuwa Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, matengenezo makubwa kama yale huombewa ruhusa kwa mamlaka ya hifadhi ya mji. Sahibu alisema ataishughulikia ruhusa hiyo mwenyewe, kwa jina lake, nisihangaike na foleni. Nilimshukuru sana kwa wema huo.

Ilipokwisha, nasema bila haya, hapakuwa na ukuta mweupe kama ule Kiponda yote, na watalii walikuwa wakisimama nje kuupiga picha.

Kitu kimoja tu kilinitatiza wakati ule. Kila niliponunua umeme, risiti ya TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, ilitoa jina la mwanamke nisiyemjua. Sahibu alisema ni shangazi yake, marehemu, na kwamba mirathi haijagawanywa. Kwetu mirathi hucheleweshwa mpaka wajukuu waote mvi, basi sikuona ajabu.

Kisha alasiri moja alipiga hodi kijana mwenye faili kwapani, kutoka ofisi inayosimamia mali za wakfu. Alimwulizia shangazi. Nilimwambia amefariki na kwamba mpangaji wa nyumba ni mimi. Alilipekua faili lake kwa adabu, akanijibu kwamba mpangaji wa nyumba hii ndiye huyo aliyefariki. Nyumba iliwekwa wakfu na wenyewe zamani, mapato yake yaende msikitini, na shangazi hakuwahi kuimiliki hata tofali moja. Kodi iliyoandikwa humo haikufika hata sehemu ya kumi ya niliyokuwa nikitoa mimi, na hata hiyo haikuwa imelipwa kwa miaka.

Waliokulia Mjini wanaijua hesabu hii. Ziko nyumba za watu binafsi, ziko za wakfu, na ziko zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Katika hizi za wakfu na za serikali kodi za zamani zilikuwa ndogo mno, fedha ya kuezeka na kubadilisha boriti haikupatikana, na mpangaji naye hakuona sababu ya kutengeneza kisicho chake. Mpangaji wa asili akihamia shamba hubaki na ufunguo, akampangisha mwenzake kwa bei ya soko, na yule mwenzake akadhani amekutana na mwenye nyumba.

Nilimwendea Sahibu. Hakukana hata moja. Kodi yangu ya mwaka ilikuwa imekwisha kulipia deni lake la nyuma, na upangaji wa shangazi alikuwa mbioni kuuhamishia jina lake, akiwa na nyumba iliyotengenezwa vizuri ya kuonyesha kwamba yeye ni mpangaji mwenye kujali. Wiki chache baadaye mpwa wangu aliyeko Leicester aliniletea ukurasa wa intaneti wa kukodi nyumba za likizo. Niliuona ukuta wangu wa chokaa, pazia zangu na kitanda changu kikiwa na chandarua kilichofungwa fundo kama cha harusi, bei ni ya dola kwa usiku, na nafasi zinaanzia mwezi unaofuata mwisho wa mwaka wangu. Picha hizo zilipigwa nilipokuwa nimekwenda Pemba mazikoni, safari ambayo yeye ndiye aliyenikatia tiketi ya boti. Na usiku ule nililala kwenye kitanda kile kile.

Wazee walituketisha. Sahibu aliwaambia kwamba nimelipa mwaka na nimekaa mwaka, na kuhusu matengenezo, mtu aliyezoea mambo ya Ulaya alijitengenezea raha yake mwenyewe. Mama yake, shahidi wangu, alisema hakumbuki mazungumzo yoyote. Wazee waliniomba radhi kwa niaba yao, wakanywa kahawa, wakaondoka. Siku hizi nasikia mna Wataliano wanaolala mule, na jirani akiuliza, huambiwa ni jamaa zake.

Mnaokuja, basi, nendeni kwa sheha kabla hamjaenda kusalimia marafiki. Jina la mwenye nyumba lithibitisheni katika ofisi ya wakfu na katika shirika la nyumba la serikali, muwaulize na majirani. Msigonge msumari ukutani mpaka mwenye nyumba halisi atie sahihi kwamba gharama zitakatwa katika kodi, na risiti za fundi ziandikwe jina lenu. Mkipokewa uwanja wa ndege, pokeleweni kwa furaha, ila teksi lipeni wenyewe. Pasipoti yenu mtu asiwatishie nayo. Ukiona rafiki anaogopa ofisi kuliko wewe mgeni, kachukue mizigo yako.

Mimi nimepanga Kiembesamaki kwa mama mmoja mkali asiyejua jina la babu yangu wala hataki kulijua, na mkataba wetu una kurasa tano. Juzi Sahibu alinitumia ujumbe, ameanza na salamu ndefu za watoto, kisha akaniomba namba ya yule fundi wa Mkunazini. Amepiga saruji ukuta wa nyuma ili upokee rangi waliyoipenda wageni, na masika haya umeanza kutoa maji kitandani. Fundi nimempa arubuni. Yuko kwangu mpaka baada ya Idi.