Siku Moja Maishani Mwangu: Mshika Jedwali wa Filamu ya Katuni

Saa 12 asubuhi

Kabla ya mswaki, simu. Dada wetu wa mwanga ametuma picha ya skrini: kazi ya jana usiku ya kurenda, yaani kompyuta kugeuza modeli kuwa picha kamili, imeishia fremu (picha moja moja ya filamu) ya 212 kati ya 340. Umeme ulikatika usiku wa manane, uliporudi hakukuwa na mtu wa kuwasha kompyuta. Hasara ni ndogo kuliko inavyosikika, maana tangu mwanzo tulikubaliana kila fremu ihifadhiwe kama picha inayojitegemea. Tunaanzia 213, basi. Wenzetu wa kundi la pili walikuwa wanarenda moja kwa moja kuwa video, umeme ukawarudisha sifuri. Tuliwapa pole, na utaratibu wetu tukawapa.

Ninaishi kwa mama mkubwa, Tegeta. Nampa shikamoo, ananipa marahaba na swali lake la kila siku: "Leo unachora nini, mwanangu?" Sichori kitu, mama. Kwenye filamu yetu mimi ni mratibu wa uzalishaji. Nina jedwali lenye shoti zote, yaani vipande vya filamu, na mbele ya kila kazi kuna jina la mtu na tarehe. Anatikisa kichwa kwa huruma, kama vile nimemwambia nimefukuzwa chuo.

Saa 2 asubuhi

Kikao cha kusimama, maabara. Tunasimama kweli, kwa sababu mkishakaa kwenye chumba chenye kiyoyozi mtazungumza hadi saa sita. Kila mtu anasema amemaliza nini, leo anafanya nini, na nani anamkwamisha. Hilo la tatu ndilo ninaloliandika kwa wino mwekundu.

Tuko 8, na wa 9 ni wa kuazima kutoka darasa la redio, ndiye mtu wetu wa sauti. Filamu ni ya dakika 4: bibi muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, na paka anayemwibia. Mwongozaji ndiye mwenye hadithi. Alichora storibodi, yaani hadithi kwa michoro, na bado ndiye anayeunganisha animatiki, ile rasimu ya video inayotuonyesha kila shoti itakuwa na urefu gani. Ana neno la mwisho kuhusu kinachoonekana. Mimi nina neno la mwisho kuhusu muda. Vitu hivyo viwili vinapogombana, ndipo tunapokwenda kunywa chai. Halafu kuna kijana wa modeli anayejenga maumbo ya wahusika kwenye kompyuta, dada wa rangi na teksta (picha zinazopakwa juu ya maumbo hayo), wahuishaji wawili wanaowatembeza wahusika, dada wa mwanga na kurenda, na Fundi Mifupa. Hilo la mwisho ni jina tulilompa sisi, kwa kuwa kazi yake ni kuingiza mifupa ndani ya modeli na kuweka vidhibiti ambavyo wahuishaji watavivuta ili bibi apinde goti.

Mwaka wa kwanza kila mtu anataka kuwa mwongozaji. Asiyetaka uongozaji anataka uhuishaji. Hakuna anayeamka akasema anataka kutengeneza mifupa, na hiyo ndiyo sababu filamu nyingi za wanafunzi zina wahusika wenye viwiko vinavyobonyea kama mrija wa soda.

Saa 3 na nusu

Kelele kutoka meza ya wahuishaji: "Oya, hebu njooni muone kanga!"

Bibi wetu amejifunga kanga yenye maneno *Mali bila daftari hupotea bila habari*. Katika shoti ya 19 anageuka kumkimbiza paka, na kwa mara ya kwanza tunamwona ubavu wa kulia. Maneno upande huo yanasomeka kinyumenyume, herufi zimegeuka kama kwenye kioo. Shoti zote 18 za kabla zilimwonyesha kwa kushoto, ndiyo maana hakuna aliyeona.

Chanzo hakikuwa fumbo. Bibi alijengwa nusu mwili, nusu ya pili ikanakiliwa na programu. Ni njia ya kawaida na inaokoa siku nyingi. Lakini ili modeli ipakwe picha, ngozi yake lazima ifunguliwe na kulazwa bapa kwanza, na kwa kuwa nusu mbili zilikuwa nakala, zililala juu ya sehemu ile ile ya picha. Upande mmoja unasoma sawa, wa pili unageuka.

Nani arekebishe? Kijana wa modeli: "Mimi nilishakabidhi, kaka." Dada wa teksta: "Na mimi nilipewa hivyo hivyo nikapaka." Wote wanasema kweli. Nikafungua jedwali. Kufungua na kulaza modeli ni safu ya modeli, na mbele yake kuna jina moja. Huwa nakataa kabisa kuandika majina mawili kwenye kisanduku kimoja. Ukiandika mawili, kila mmoja anamsubiri mwenzake, na siku ya kukabidhi mnagundua hakuna aliyegusa.

Kijana akakubali, si kwa furaha. Fundi Mifupa akavuta kiti akakaa nyuma yake, akawa anarudia kama muadhini: "Usiongeze nokta. Usipunguze nokta." Mifupa imefungwa kwenye nokta za modeli, zile pointi zinazounda umbo lake, ukibadilisha idadi yake, mkono unaweza kuvutwa na mfupa wa shingo. Kupanga upya ngozi bila kugusa nokta hakuharibu kitu. Saa moja na nusu, imekwisha. Shoti zote zinavuta bibi kutoka faili moja, kwa hiyo kila aliyefungua upya alikuta kanga inasomeka.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe nje ya geti. Mhuishaji mmoja ananinong'oneza kwamba jana, akiwa nyumbani, alirekebisha mwenyewe mkia wa paka ndani ya shoti yake. Blender, programu tunayotumia, ni ya bure, chanzo chake kiko wazi tangu 2002, kila mtu anayo kwenye laptop yake, na kila mtu anajiona anaweza kugusa kila kitu. Mkia huo sasa uko kwenye shoti yake tu, zile nyingine zina mkia wa zamani. Nikamtuma kwa Fundi Mifupa akamwombe arekebishe faili mama, na ya kwake aifute. Akaniona mkali. Sawa tu.

Saa 9 alasiri

Hii ndiyo saa niliyoipenda leo. Sauti hurekodiwa kabla ya uhuishaji, maana mdomo wa katuni unafuata sauti, na za kwetu zilirekodiwa zamani. Ila sentensi moja ya bibi mwongozaji hakuwahi kuipenda. Kwa hiyo dada wa teksta amemleta bibi yake mzazi, mwenye umri na sauti yenyewe.

Tukaamkia sote, kwa zamu, hadi bibi akacheka. Mtu wa sauti akazima feni, akazima kiyoyozi, akaning'iniza mablanketi mawili nyuma ya maikrofoni. Joto la Dar mnalijua. Karatasi iliandikwa: "Wewe paka, rudisha samaki yangu!" Bibi akaisoma kimya, akavua miwani.

"Nani kaandika hivi? Samaki *wangu*. Halafu paka haambiwi arudishe, mwanangu. Atarudisha lini?"

Akasema ya kwake bila kuombwa: "Hivi wewe paka, kwenu hawakukufunza? Jana kichwa, leo mzima mzima!"

Mtu wa sauti alikuwa tayari anarekodi. Mungu ambariki. Mwongozaji alikuwa anaruka pale pembeni bila kutoa sauti.

Mimi nilikuwa napiga hesabu. Sentensi ya zamani ilichukua sekunde 2, hii sekunde 3 na nusu. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu 36 zaidi. Shoti ya sokoni inakula dakika 9 kwa fremu moja, kwa hiyo bibi ametuongezea dakika 324, zaidi ya saa 5 za kompyuta, na mhuishaji inabidi aanze mdomo upya. Nikamwambia mwongozaji: tunamchukua bibi, wewe unakata nini? Akatoa shoti ya mitumbwi aliyoipenda tangu storibodi. Hakubisha hata kidogo.

Saa 11 jioni

Kuangalia shoti za leo. Mwongozaji peke yake ndiye anayetoa maoni kwa wahuishaji, mimi naandika. Wengine tukiwa na la kusema tunamwambia yeye, kando. Paka aruke fremu 4 mapema. Bibi asipepese macho mara nyingi hivyo. Basi.

Saa 1 usiku

Mimi na dada wa mwanga tunapanga kazi ya usiku. Filamu nzima ni fremu 5,760. Kwa wastani wa dakika 5 kwa fremu, kompyuta moja ingehitaji siku 20 mfululizo. Tunapewa 10, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa hiyo ni usiku 5 umeme ukiwa na nia njema. Anataka kupunguza sampuli, yaani mara ambazo kompyuta inapima mwanga kwa kila nukta ya picha, ili tuokoe muda. Ukipunguza sana picha inaingia chenga, hasa kwenye vivuli vya chini ya meza za samaki. Tukajaribu viwango vitatu kwenye fremu moja, tukavikuza, tukachagua cha kati. Shoti zenye matukio ya usiku zitabaki na kiwango cha juu.

Saa 3 usiku

Nyumbani, naandika majina ya mwisho wa filamu. Kazi hii huwa ninaianza mapema kwa makusudi, kwa sababu magomvi yake ni bora yaje sasa. Mwongozaji ameshatuma ujumbe kundini: anataka skrini nzima iandikwe "Filamu ya" na jina lake. Fundi Mifupa amejibu kwa kicheko kirefu. Dada wa teksta anauliza bibi yake ataandikwa mwigizaji au mwandishi. Nimemwandika kote kuwili.

Kuhusu "Filamu ya", nimesema hapana: kila mtu anaandikwa na kazi yake. Mwongozaji akakaa kimya dakika kadhaa, kisha: "Poa, lakini langu liwe la kwanza."

Nikamjibu tunafuata alfabeti. Jina lake linaanza na Y.