GPU Iliyolala Njaa

Mwaka 2022 nilikuwa Dar es Salaam, kwenye mradi wa kuchora ramani ya mikoko ya delta ya Rufiji kwa kutumia picha za setilaiti za Sentinel-2. Tulikuwa na seva moja ya kufundishia modeli ya kompyuta kuitambua mikoko hiyo, yenye GPU (kadi ya kufanya hesabu nyingi kwa pamoja) aina ya A100 ya NVIDIA, na diski kadhaa za kasi za NVMe, mashine ya bei mbaya kweli, na ilikuwa inakula umeme bure. Feni zinavuma, programu inaendelea, lakini ukifungua nvidia-smi, programu inayoonyesha hali ya kadi, unaona matumizi ya GPU yanapanda kufumba na kufumbua, kisha yanaanguka sifuri na kukaa hapo hapo. Kadi inayoweza kusoma kumbukumbu yake kwa zaidi ya gigabaiti 1,500 kwa sekunde ilikuwa inasubiri kuletewa faili.

Tumaini letu lilikuwa GPUDirect Storage, ambayo NVIDIA walitoa toleo lake la 1.0 mwaka 2021. Kwa kawaida data ikitoka kwenye diski hushushwa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu kuu ya seva, halafu inanakiliwa tena kwenda kwenye GPU. Ni sawa na mtu wa Tanga anayekwenda Moshi kulazimishwa apitie Dar. GPUDirect inaondoa mzunguko huo: diski inaandika yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya GPU, na prosesa inabaki kutoa amri tu. Mwenzangu alikesha akibadilisha msimbo utumie cuFile, maktaba ya programu ya kusomea data kwa njia hiyo. Tukawasha. Hakikubadilika kitu, hata chembe.

Mchana akapita msimamizi wa seva, tuliyekuwa tunamwita Mzee ingawa mvi alikuwa nazo mbili tatu tu. Mkononi ana kikombe cha chai.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Hiyo njia mnayoitumia, mmehakikisha ipo?”

Akavuta kiti, akaandika gdscheck -p, amri ya kukagua GPUDirect. Kwenye orodha iliyotoka, mbele ya NVMe palikuwa na neno moja: Unsupported, yaani haiwezekani. Akaandika lsmod, amri inayoorodhesha moduli zilizopachikwa kwenye keneli, yaani kiini cha Linux, akachuja kutafuta nvidia_fs, moduli inayoiwezesha njia hiyo. Skrini ikarudisha mstari mtupu. Kumbe keneli ya Linux ilikuwa imesasishwa, na moduli ile haikujengwa upya kuifuata. Na cuFile haikulalamika, kwa sababu imeundwa hivyo: ikikosa njia ya moja kwa moja inasoma kwa njia ya zamani, na programu inaendelea kama kawaida. Wenye kuitengeneza wanaiona hiyo kuwa hisani. Mimi napenda programu inayokufa kwa kelele.

Mzee akajenga moduli, akaipakia, akapima kwa faili moja kubwa. Prosesa iliyokuwa ikihema ikatulia kabisa. Tukashangilia mapema, maana tulipowasha mafunzo ya modeli, GPU ilirudi kusinzia.

“Sasa nionyesheni mnachosoma,” akasema.

Mwenzangu akaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwenye folda ya data. Kimya. Mzee akanywa chai yake hadi ikaisha ndipo majina yakaanza kumiminika: vipande vidogo vidogo vya picha, laki kadhaa, kila kimoja faili lake la TIFF lililobanwa ili lichukue nafasi ndogo. Hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa. Kufungua na kufunga faili dogo kunagharimu kuliko kulisoma, na kwa kuwa ni prosesa yetu iliyokuwa inafumua yale yaliyobanwa, hata yangefika kwenye GPU kwa njia fupi kiasi gani, yangerudishwa RAM kufumuliwa.

Tukaamua kuyafungasha upya. Kila kipande kilikuwa na pikseli 128 kwa 128, bendi 4 (tabaka za rangi za mwanga), zile ambazo pikseli moja ni mita 10 ardhini, baiti 2 kwa kila thamani: kilobaiti 128 kamili, bila kubana. Namba hiyo ilitufaa sana, kwa sababu usomaji wa moja kwa moja unataka data ikae kwenye mipaka ya kilobaiti 4, na 128 inagawanyika bila salio. Tukaviunganisha kwenye mafaili makubwa machache, tukawa tunasoma megabaiti 16 kwa mkupuo, yaani vipande 128 pamoja.

Safari hii GPU ilipanda na kubaki juu. Tulijaribu pia kuizima GPUDirect makusudi, na kwa haki ya Mungu, sehemu kubwa ya nafuu ilibaki pale pale. Ilikuwa imetokana na kufungasha. Njia ya mkato iliongeza kidogo kwenye kasi, ila prosesa ilipata nafasi ya kufanya kazi nyingine, na kwa seva inayogombewa na watu kama ile, hilo halikuwa dogo.

Mzee akaandika df -h, amri inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, akatutazama.

“Mwendo mmepata. Diski mmeimaliza. Nani anafuta nini?”

Ubishi ukachukua jioni yote. Mwishowe zikafutwa picha nyingi za masika, kwa kuwa zilikuwa mawingu matupu.