Lebo za Kiingereza dukani kwa ami: 34 kati ya 60

Leo nimemaliza lebo ya 34, na ya dele la kahawa ndiyo iliyonitoa jasho kuliko zote. Kazi niliyojitwika ni kukiandikia kila kitu dukani kwa ami, hapa Mji wa Kale, jina lake la Kiingereza kwenye kipande cha manila, ili mgeni akitoka Fort Jesus ajue anatazama nini. Vitu ni 60. Huandika Jumamosi baada ya alasiri, duka likipoa.

Lebo 10 za kwanza nilizitupa. Maneno yalikuwa sahihi, ila yalikaa vibaya. Kwenye dele niliandika "a brass old coffee pot". Sikio langu la Kiswahili halikushtuka: dele la shaba la zamani, dele la zamani la shaba, yote husemwa. Kiingereza kina foleni yake. Hutangulia maoni ya msemaji, kisha ukubwa, umri, umbo, rangi, asili, kitu kilichotumika kukitengeneza, na karibu kabisa na nomino, kazi yake. Kwa hiyo ni "old brass coffee pot". "Coffee" haibanduki kwa "pot".

Kuikariri foleni hiyo hakukunifaa. Mkono ndio ulionifaa. Jumamosi iliyopita niliandika "pot" mwisho kabisa wa manila upande wa kulia, nikawa naelekea kushoto, kama tulivyofundishwa kuandika herufi za Kiarabu chuoni, kwenye chuo cha Kurani. Nikajiuliza: dele la nini? La kahawa, nikaandika "coffee". La madini gani? La shaba, "brass". La lini? La zamani, "old". Niliposoma kutoka kushoto, kila neno lilikuwa pahali pake! Nikajaribu kikapu: cha miyaa, chekundu, cha duara, kidogo. Nikapata "small round red palm-leaf basket". Nilienda hivyo lebo 11 mfululizo hadi adhana ya magharibi, na moyo ulikuwa mweupe.

Faida kubwa zaidi niliiona kwenye vile vijineno "a", "an" na "the". Kwetu havipo, tukitaka dele tunalolijua sote, twasema "lile dele", au twaliacha hivyo hivyo na mazungumzo yakajieleza. Kwa Kiingereza hukaa kushoto kabisa, mbele ya sifa zote. Zamani nilikuwa naanza navyo, nikikosea. "Pot" peke yake hutaka "a", lakini "old" ikiingia mbele yake, inakuwa "an old brass coffee pot". Kinachoangaliwa ni sauti ya neno linalofuata, si nomino iliyo mbali, wala si herufi: "a useful tray", kwa kuwa "useful" huanza kwa sauti ya y, lakini "an hour". Mwenye kuandika kutoka kulia hufika hapo neno hilo analiona tayari.

Kasha la marehemu babu ndilo lililobaki na fundo. "Liandike si la kuuza, mwanangu," ami aliniambia. "Hili kasha langu." Nikaandika "this my old wooden chest". Sivyo. "This", "my" na "the" hugombea kiti kimoja, na Kiingereza hukalisha mmoja tu. Hapa "my" huhamishwa nyuma, ikawa "of mine": "this old wooden chest of mine". Ami alinisomesha mara mbili, kisha akaibandika mwenyewe.

Kuna pia misemo ambayo "a" huruka nafasi yake: "such a beautiful door", "too big a tray". Hiyo sijaizoea, na kwenye lebo haihitajiki sana, ila wageni huitamka mlangoni kila siku nami nataka kuijibu vizuri.

Jumamosi ijayo ni zamu ya kofia za vito. Nimeshaandika "cap" pembeni kulia kwenye vipande vyote 8.