Podikasti ya vita iliyotugombanisha madereva

Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu hapa Marekani. Sheria inaniruhusu kushika usukani saa 11 kwa zamu, na ukiwa peke yako kwenye barabara kuu ya I-80 katikati ya Nebraska, mahindi kushoto, mahindi kulia, saa 11 si mchezo. Muziki unachosha. Redio za huko nusu ni mahubiri, nusu ni watu wanaofoka. Kwa hiyo nasikiliza podikasti, na iliyozua maneno kuliko zote ni It Could Happen Here ya Robert Evans.

Evans ni mwandishi wa habari aliyewahi kuripoti vita vya Iraki na Ukraini. Mwaka 2019 alitoa msimu wa kwanza akiuliza jambo ambalo wakati ule wengi waliliona la kichaa: je, Wamarekani wanaweza kupigana tena wenyewe kwa wenyewe? Jibu lake ni kwamba inawezekana, na kwamba ikitokea haitafanana na ile vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861, Kaskazini huku na Kusini kule. Itafanana zaidi na Siria: makundi mengi, kila moja na mtaa wake, na serikali iliyopo hapa na isiyokuwepo pale.

Niliituma kwenye kundi letu la WhatsApp la madereva tunaoongea Kiswahili. Humo kwa kawaida ni bei ya dizeli, mizani ipi iko wazi, na dispatcha gani, yaani mgawa mizigo, ni mwongo. Safari hii watu walibishana hadi usiku.

Wa kwanza kujibu alikuwa kaka mmoja anayevuta trela la friji. "Bwana, huyu anauza hofu," akasema, na hoja yake haikuwa nyepesi. Evans ana mtindo wa kukuingiza wewe msikilizaji ndani ya visa vya kubuni vya siku zijazo, anavisimulia kana kwamba vinakupata wewe mwenyewe, asubuhi hii, nyumbani kwako. Sauti imetulia, moyo unakudunda. Halafu, pap, tangazo la biashara. Kaka akauliza: kama nchi kweli inakwenda kuungua, mbona tunasimama kidogo tuuziwe bidhaa? Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Hata hivyo mimi visa vile navitetea. Takwimu za vita hazimshiki mtu. Ukiambiwa umekwama nyumbani na dawa ya mama imekwisha, unashikika.

Vijana walikuwa upande mwingine kabisa. Wao waliisikiliza baada ya Januari 6, 2021, wakati watu walipovamia Bunge pale Washington, na kwao Evans ni nabii. Hapo sikubaliani nao. Siku ile ilikuwa mbaya, lakini Bunge lilirudi ukumbini usiku uleule likamaliza kazi ya kuthibitisha matokeo ya uchaguzi wa rais, na baadaye zaidi ya watu 1,500 walishtakiwa. Huo ni upande ambao shabiki wa podikasti za vita huusahau: vyombo vya dola vilivyosimama imara. Nilipoandika hivyo, kijana mmoja akanijibu kwa mstari mmoja tu, kwamba Januari 20, 2025 Trump aliwasamehe karibu wote. Basi mjadala ukaanza upya, na mara hii mimi ndiye niliyekuwa nasoma zaidi kuliko kuandika.

Kuna pia dereva Mmarekani, mzungu, aliyepigana Iraki, ambaye hukutana nami kwenye ghala moja Missouri tukisubiri kupakiwa. Alisikiliza vipindi viwili kwa sababu nilimsumbua. Alisema habari za Iraki Evans anazijua. Kilichomkera ni kwamba Evans ni mtu wa mrengo wa kushoto na hafichi, na kwa masikio yake watu wa vijijini wanazungumziwa kama hali ya hewa: mawingu yanayokuja, hayaulizwi wanataka nini. Nilirudi kusikiliza nikiwa na sikio hilo. Nadhani amezidisha, ila kuna sehemu nilimwelewa.

Lakini waliosema ya maana zaidi ni wawili ambao vita waliviona kwa macho.

Mmoja ni mzee wetu kutoka Kivu, tunamwita Mzee tu. Alikubali haraka kwamba pande hazitakuwa mbili. Kwao mashariki mwa Kongo hata hesabu ya makundi hubadilika kabla hujamaliza kuyataja. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: "Nani atawalipa hao vijana?" Tukamwambia bunduki wanazo. Kwa makadirio ya Small Arms Survey, watafiti wa silaha ndogo, ya 2018, raia wa Marekani walikuwa na bunduki kama milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe. Mzee akatuma sauti, ndefu, na honi zinasikika nyuma. Bunduki haili, akasema. Anayeibeba anakula kila siku, anataka risasi, anataka mafuta ya gari, anataka mtu wa kumwambia kesho tunakwenda wapi. Kwetu kuna madini. Hapa kitakuwa nini? Mpaka useme pesa inatoka wapi, unasimulia filamu.

Wa pili ni dada kutoka Kenya, Bonde la Ufa, aliyekuwa msichana wakati wa uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zile ziliua zaidi ya watu 1,100 na kung'oa mamia ya maelfu makwao. Yeye anaendesha na mumewe kwa zamu, kwa hiyo aliisikiliza yote huku mume amelala nyuma. Maoni yake: Evans anaeleza vizuri watu wenye silaha, ila midomo anaipitia juu juu. Kwao yalianza kwa maneno, majirani kuitwa magugu ya kung'olewa, na watu wakacheka. Halafu akaeleza vizuizi vya barabarani: mawe, gogo, matairi yanawaka, na vijana wanaomba kitambulisho. Hawataki picha. Wanataka jina, maana jina linawaambia kabila. "Sasa fikirini leseni zenu," akatuandikia. Kundi lilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida. Sote kazi yetu ni kupita majimbo ya watu tukiwa na majina yasiyotamkika na mizigo ya chakula.

Mimi langu ni dogo, nalo linatokana na njia. Mizigo ya barabara kuu ya I-70 hunipitisha Lawrence, Kansas. Kila mtu kwenye ule mjadala aliuliza vita vitaanza lini, kana kwamba kutakuwa na tarehe. Vitabu vinasema vita vya Marekani vilianza Aprili 12, 1861, mizinga ilipopigwa kwenye ngome ya Fort Sumter. Lakini Kansas walikuwa wanauana kwa ajili ya utumwa tangu miaka ya katikati ya 1850. Lawrence yenyewe ilivamiwa Mei 21, 1856, na kesho yake tu, kwa ugomvi huohuo wa utumwa, ndani ya Seneti, mbunge Preston Brooks akamtwanga Seneta Charles Sumner kwa bakora hadi akazimia. Mkulima wa Lawrence mwaka ule ungemwambia vita bado miaka mitano, angekushangaa. Na vilipokuja rasmi, katika mji huohuo waliuawa wanaume na wavulana wapatao 150 kwa asubuhi moja, Agosti 1863.

Ndiyo maana msimu ule wa kwanza naupendekeza, pamoja na matangazo yake. Ni mfupi, unamalizika kwa siku moja ya safari ndefu. Toleo la kila siku lililoanza 2021 lina watangazaji wengi na mada nyingi. Mimi huchagua vipindi, sifuati vyote. Dada wa Bonde la Ufa ameshaumaliza mara ya pili na mumewe, safari hii wakiwa macho wote wawili. Mzee aliishia katikati. Anasema tukimpata wa kumjibu lile swali la mishahara, atasikiliza kilichobaki.