Nilivyomtafutia mzee kekeo wa Dartmoor

Nilipohamia Exeter, kusini magharibi mwa Uingereza, nilipata kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Mle mlikuwa na mzee aliyezaliwa kwenye shamba la kondoo kando ya nyika ya Dartmoor. Usingizi ulikuwa umemhama. Kila nilipompelekea chai saa tisa za usiku aliniuliza swali lile lile: "Kekeo amefika?" Ilikuwa Oktoba. Nilimjibu kwamba bado, nami nilijua tu kwamba ni ndege; sikujua hata huyo kekeo wao anafananaje.

Ndege sikuwajua, lakini bahari naijua. Nimekulia Sahare, Tanga, na baba alikuwa mvuvi. Huko mtoto hujua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla hajajua kusoma saa. Basi nikaanzia hapo. Kaunti hii ya Devon, ulimo mji wa Exeter, ina pwani mbili, ya kaskazini na ya kusini, na katikati zimeinuka nyika za baridi zenye majani, matope na majabali. Mto Exe unaingia baharini upande wa kusini, kwenye mlango mpana wa tope. Maji yake wakati wa bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, karibu kama ya kwetu. Tofauti ni saa tu. Tanga bamvua hujaa alasiri, kama saa kumi. Huku hujaa mnamo saa moja, asubuhi na jioni.

Tofauti hiyo ilinifaa sana, kwa kuwa zamu yangu iliisha saa moja asubuhi. Siku za bamvua nilipanda treni moja kwa moja hadi Topsham na kutembea mpaka kibanda cha kuangalizia ndege cha Bowling Green Marsh. Maji yakijaa, tope lote hufunikwa, na ndege hukimbilia majani ya pale kusubiri. Nilifika kunapopambazuka, maji yameanza kurudi. Dakika chache baadaye makundi yanainuka, moja baada ya jingine, kurudi kwenye tope kula. Watu wengi niliowakuta pale walikuja na darubini za bei kubwa saa ambazo maji yamekupwa na ndege wametawanyika mbali. Mimi nilikuwa na darubini ndogo ya mtumba na jedwali la maji, na niliona zaidi. Anayetaka kuanza, nampa ushauri huo kwanza: ajue maji kabla ya kununua kifaa.

Wa kwanza niliyemtambua alikuwa sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda kwenda chini. Huyu tumezoea kumwona kwetu kwenye mchanga maji yakitoka. Nilisimama nikimtazama mpaka vidole vikafa ganzi. Bata bukini wadogo weusi walikuwa wameshafika kutoka Siberia, wakinong'ona pamoja kama watu msikitini kabla ya khutba. Ila uzuri wa Exe wakati wa baridi ni avoseti: mweupe na mweusi, miguu ya rangi ya buluu, mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, anaufyeka majini kulia na kushoto. Ndege hawa waliacha kuzaliana Uingereza karne ya 19, wakarudi 1947 kule Suffolk. Sasa huja kwa mamia Exe kukaa miezi ya baridi, na reli ya Exeter hadi Exmouth imepewa jina lao.

Kila usiku nilimpa mzee habari. Januari nilimweleza kuhusu banting wa Labrador Bay, ndege kama shomoro, dume lake lina uso wa manjano wenye mistari myeusi. Mwaka 1989 nchi nzima ilibaki na jozi 118 tu, karibu zote kusini mwa Devon. Wakulima wakaombwa waache mabua ya shayiri shambani majira yote ya baridi bila kuyalima, ndege wapate punje zilizodondoka, na kufikia 2016 jozi zilishapita 1,000. Mzee alinyamaza kidogo. Akasema zamani baba yake alikuwa halimi mabua mpaka baridi iishe, na hakuna aliyemwomba.

Kwa kekeo, mwaka wa kwanza nilikosea. Nilidhani ndege wa nyika hutafutwa wakati wa joto, nikaomba likizo Julai. Juni, siku moja ya mapumziko, nilikwenda kwa meli kisiwa cha Lundy kuwaona pafini, ndege wa baharini wenye midomo ya rangi rangi. Panya walikuwa karibu wawamalize, mpaka walipoangamizwa kati ya 2002 na 2004. Sasa pafini wamepita 1,000. Nikarudi na furaha. Julai nikapanda Dartmoor siku tatu, kwenye ukungu na mvua. Nilisikia vipozamataza angani. Kekeo, kimya.

Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kekeo wakubwa huondoka Juni. Tangu 2011 watafiti wamekuwa wakiwafunga baadhi yao vifaa vidogo vinavyofuatwa kwa setilaiti, wakawaona wakivuka Sahara hadi misitu ya bonde la Kongo. Hapa Uingereza hukaa kama miezi miwili tu. Yai anamtagia ndege mwingine kwenye kiota chake, na kinda atasafiri baadaye peke yake, bila mzazi wa kumwongoza. Nilimsimulia dada mmoja wa Kisangani, Kongo, tuliyekuwa naye zamu. "Kumbe huyo ni wa kwetu," akasema, "huku anakuja kutaga tu."

Mwaka wa pili sikungoja joto. Mwisho wa Aprili nilipanda basi hadi Bovey Tracey, halafu nikapandisha kwa miguu kwa zaidi ya saa mbili, nikapita jabali la Haytor hadi Emsworthy, kwenye banda la kale lenye paa jekundu. Vichaka vya miiba vilikuwa vimejaa maua ya manjano yanayonukia nazi; sikutarajia harufu ile mahali pale. Nilikaa kwenye jiwe kando ya njia. Miezi hiyo ndege wengi wa nyika hutaga chini kwenye majani, kwa hiyo haifai kukanyaga ovyo, na mbwa lazima wafungwe kamba.

Saa nzima nilisikiliza, sikutafuta kwa macho. Kisha kutoka kwenye mti upande wa pili wa bonde: ku-kuu, ku-kuu. Nikawasha simu, nikaishika juu, nikazuia pumzi.

Usiku ule nilimpelekea mzee chai saa tisa kama kawaida. Nilimwekea simu karibu na sikio lake linalosikia vizuri. Alifumba macho akawa anahesabu kwa kidole juu ya blanketi. Ilipokwisha akaniambia niirudie. Nikairudia mara nne.

"Leo tarehe ngapi?" akauliza.

"Ishirini na tisa, mzee."

"Amechelewa," akasema, akaomba chai yake.